Mwanamke Mwenye Chungu Kichwani

Mama yangu alikuwa akisafiri na hotpoti yake. Kila tulipokwenda Usagara kumtembelea kaka, alipika asubuhi kwetu Nyakato, mjini Mwanza, akafunga chakula chake, akakipakata ndani ya basi mpaka njia panda. Tukifika, abiria wa mabasi ya Kagera walikuwa wameshajaa kwenye mabenchi ya mgahawa wa wifi yangu, wakila ndizi alizopika na kuambiana kwamba hawajapata ndizi kama hizo tangu watoke nyumbani. Mama alikaa katikati yao, akafungua hotpoti, akala cha kwake. Hakununa. Alikula taratibu, kama mtu aliyekatazwa vyakula na daktari.

Akishamaliza, wifi alimpigia magoti na kumsogezea kikapu kidogo chenye kahawa za kutafuna, zile buni zinazochemshwa na majani kisha zikakaushwa, ambazo kwetu Kagera mgeni hupewa kabla ya kuulizwa habari za safari. Mama alichukua punje chache, akashukuru, akazifunga kwenye pindo la khanga. Nilipofua khanga zake nilizikuta humo, zimelowa na kuvimba. Hakuwahi kutafuna hata moja.

Nieleze sababu, maana wasomaji wengi leo walizaliwa baada ya mambo haya. Wifi yangu alitoka ng'ambo ya mpaka. Vita ilipoingia Kagera, majeshi ya nduli yalipovuka, sisi tulikikimbia kibanja chetu tukiwa na vile tu tulivyoweza kubeba. Kibanja, kwa asiyekulia huko, ni nyumba pamoja na migomba yake, na makaburi ya wazee yakiwa humo humo chini ya migomba. Baba alikuwa mgonjwa tangu kabla ya vita; alifia kambini tulikokimbilia, akazikwa kwenye ardhi ya watu wengine. Tuliporudi tulikuta bati zimeng'olewa, milango haipo, jikoni hakuna hata kijiko. Mama hakuweza kukaa pale. Nilipoajiriwa kufundisha Mwanza, akaja kuishi nami.

Kaka alikuwa jeshini. Alivuka na wenzake kwenda huko huko walikotoka waliotufukuza, akakaa kwa muda, akarudi na mke. Watu wa Usagara walidhani ni mtu wa Kagera, kwa sababu ya lafudhi yake na mapishi yake, na yeye hakuwa na haraka ya kuwasahihisha. Lakini mama alijua. Akimtaja kwangu alisema "yule wa ng'ambo," tena bila ukali, kama vile mtu anavyosema "yule wa nyumba ya pili."

Mwaka ninaousimulia ni ule ambao vyama vingi vilikuwa bado vipya na kila ukuta wa mjini una bango. Kaka alikuwa amekijenga upya kibanja. Kuta zilikuwa zimesimama na bati zimepigwa. Alitaka Desemba ampeleke mkewe na watoto wao wakale sikukuu huko, mara ya kwanza. Lakini kwa desturi yetu mke haingii kibanja cha ukoo kama mgeni aliyepotea njia. Mama wa nyumba humpokea mlangoni, humkalisha, humkabidhi jiko. Asipofanya hivyo, mke yule atabaki mpangaji hata akizaa watoto kumi, na watoto wenyewe watakua wakiulizwa kimya kimya wamekujaje. Kwa hiyo safari nzima ilimsubiri mama. Kaka alimuuliza mara kadhaa. Mama alijibu kwamba mvua ikinyesha tutaona.

Sasa nije kwenye chungu.

Tulipokuwa kambini kulikuwa na redio moja, na mpakani redio hushika pande zote mbili. Usiku tuliwasikia adui wakijisifu. Kati ya waliowasifu alikuwamo mwanamke mmoja, mpishi wa mji mdogo wa mpakani. Walisema kwamba mizinga ilipokuwa inaanguka, huyu alijitwika chungu cha chakula akawapelekea askari wao mtoni. Askari walikuwa wakikimbia na kulala chini, yeye alitembea. Hakuinamisha kichwa, kwa kuwa chungu kilikuwa cha moto na kimejaa. Walikuwa wamemtungia wimbo, na uzuri wa wimbo ule ulituudhi kuliko maneno yake.

Wanawake wa kambini wakaamua kumjibu. Aliyeanzisha ni mama yangu. Katika ubeti wake alisema kwamba chungu kile anakijua, ni chake, kimepasuka mdomo upande mmoja, alikiacha jikoni siku tuliyokimbia. Jirani yetu akapokea: na kuku waliomo ni wake. Mwingine akatia maharage yake, mwingine mbuzi, mwingine chumvi aliyokuwa ameinunua sokoni wiki ile ile. Kila aliyejisikia aliweka chake ndani ya chungu, na kiitikio kilikuwa kumwambia yule mwanamke atembee polepole asije akamwaga mali za watu. Ulikuwa wimbo wa kejeli na matusi. Lakini nimefundisha fasihi miaka mingi, na kila nikiukumbuka naona ulikuwa pia wimbo wa vitu tulivyopoteza. Yule mwanamke alikuwa mbebaji tu.

Vita ilipokwisha, wimbo ukaingia shuleni na kugeuzwa ngonjera. Mimi mwenyewe niliiimba nikiwa kwenye kundi la waitikiaji. Walimu wetu walikuwa watu wazuri, lakini walitaka somo litoke, na mbele ya wageni rasmi huwezi kusimama ukalilia kuku wa jirani. Mbeba chungu akapakwa masizi usoni, akapewa kicheko cha mchawi, na ndani ya chungu wakatia ubaya wote wa dunia: uvivu, uchoyo, usaliti. Mwishoni alijikwaa, chungu kikavunjika, tukapiga makofi. Msichana aliyeigiza alikuwa mpole sana. Mwaka mzima wenzake walimwita nduli, na aliacha kuja shuleni siku za sherehe.

Kisha ikaja miaka ya dhiki, maduka matupu, sabuni ikitafutwa kama dawa. Nilikuwa chuo cha ualimu wakati huo. Kwenye vichekesho vya Jumamosi yule mwanamke akarudi, mnene, mcheshi, anatoka ng'ambo na chungu kichwani, na humo ndani mna sabuni, mafuta ya kula na betri za tochi. Mgambo wanamfukuza, wanakijiji wanamficha. Ukumbi mzima ulimshangilia. Nilikaa pale nikicheka na wenzangu, kisha nikashtuka: huyu ni yule yule. Hakuna aliyetangaza kwamba amesamehewa. Tulikuwa tunahitaji sabuni, basi.

Huwa nawaambia wanafunzi wangu, na nakwambia nawe unayesoma kama unapenda kuandika, kwamba ukitaka kumjua mtunzi usiangalie anavyomsifu shujaa wake. Angalia anamfanya nini shujaa wa adui. Hapo ndipo huweka hofu yake na njaa yake, bila kujua.

Basi mwaka ule, serikali za Afrika Mashariki zilipoanza tena kuzungumza kuhusu ushirikiano, mashindano ya sanaa ya shule za mkoa yakapewa mada ya ujirani mwema. Mkuu wetu wa shule aliniita. Alisema anajua mimi ni mtu wa Kagera, kwa hiyo jambo hili nimeliona kwa macho. Nikamwambia nitaandika igizo. Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nimeshamchagua mbeba chungu.

Niliandika kwa moyo mweupe. Katika igizo langu, wanawake wa upande wetu wanaimba wimbo wa kambini. Mbeba chungu anatokea, anausikia, anatua chungu, anapiga magoti, analia na kuomba msamaha kwa ajili ya watu wake. Tunamwinua, tunakumbatiana, ngoma inalia. Nilipomaliza nililia mwenyewe kidogo, nikaona nimeandika kitu kizuri.

Wa kuigiza nilimpata upesi, msichana mrefu kutoka Nansio, mwenye shingo ya kubeba mzigo. Lakini alizoea beseni la dagaa, ambalo hushikwa kwa mkono, na mimi nilitaka mikono yake iwe huru. Nilijua mtu mmoja tu wa kumfundisha. Nilimtumia wifi salamu kwa kondakta wa basi, na Jumamosi akafika Nyakato amebeba chungu.

Mazoezi tulifanyia uani kwangu, kwa kuwa ukumbi wa shule siku hizo ulikodishwa kwa harusi na wahubiri. Mama alikuwa mlangoni akichambua maharage. Wifi akamwamkia, akatua chungu mbele yake. Mama akafuta mikono. Akakivuta, akakigeuza, akaangalia kitako, kisha akapitisha kidole taratibu kuzunguka mdomo wake wote. Wasichana waliendelea na soga zao. Mimi na wifi tulikifuata kile kidole kwa macho.

"Kizima," mama akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Wifi alisokota ngata ya majani ya mgomba, akaiweka kichwani mwa msichana. Akamwambia chungu kisibebwe kitupu, kwa sababu uongo huo huonekana shingoni. Akakijaza maji nusu. Akamfundisha kuangalia mbali, sio chini. "Usimwonyeshe mtu kwamba unakifikiria," alisema. "Fikiria unakokwenda." Msichana alilowa kichwa mpaka viatu, wenzake wakamwuliza kama amepigwa mvua ya Nansio peke yake, naye akawajibu kwamba angalau yeye ameoga. Mchana ulipofika alikuwa anatembea vizuri hivi kwamba nilisahau kumwambia asimame.

Tukapitia igizo lote. Ilipofika sehemu ya magoti na machozi, msichana alilia kweli kweli. Nilimtazama wifi nikitarajia kumwona ameguswa. Alikuwa anakunja khanga yake.

Nilimsindikiza kituoni. Tulikuwa tunataniana kama kawaida yetu mawifi, akiniuliza lini nitaolewa apate mtu wa kumcheka, halafu akasema:

"Wifi, yule analia nini?"

Nikamweleza: mapatano, ujirani, kusameheana.

"Nyinyi walimu," alisema. "Mkitaka kumpenda mtu lazima kwanza mmlize."

Nilimuuliza kama kwao bado anaimbwa. Akacheka bila furaha. Aliniambia kwamba alipokuwa msichana waliuimba wimbo ule shuleni kila asubuhi. Nduli alipokimbia, siku ile ile ukakatazwa, maana nani angependa kukumbushwa kwamba aliwashangilia wale askari? Yule mwanamke hakutajwa tena. Kama aliishi au alikufa, wifi hakujua.

"Kwetu walishamtupa," alisema. "Nyinyi mliomtukana ndio mliomtunza. Sasa usimharibu."

Basi likaja, akapanda.

Nilikasirika njia nzima. Nilijiambia kwamba ni uchungu wake mwenyewe unaosema, kwamba amechoka kupiga magoti mbele ya mama na sasa anamwona kila anayepiga magoti kuwa yeye. Pengine ilikuwa hivyo kweli. Jioni tukakaa na mama kula. Nilidhani angalau mama atakuwa amefurahi, kwa kuwa katika igizo langu, baada ya miaka yote hiyo, mtu wa upande ule alikuwa amemwomba radhi. Nikamuuliza ameonaje.

Alimeza tonge kwanza. "Wimbo mmeupatia. Nani kakwambia yule aliomba?"

Nikasema ni igizo, mama, tunafikiria tu.

"Angekuwa mtu wa kuomba, tusingemwimba. Unajua tulikuwa na hasira naye kwa nini? Sisi tulikimbia, mwanangu. Niliacha sufuria jikoni, nikaacha chungu, nikamkokota baba yako kwenye matope. Halafu redio inaniambia kuna mwanamke anatembea." Alinawa mkono, akaukung'uta. "Wewe unamwangusha chini ili mimi nimwinue. Sitaki. Mwache nimchukie akiwa amesimama."

Hawakuwa wameongea, yeye na wifi. Nilihakikisha hilo akilini nikiosha vyombo. Mmoja alikuwa ndani ya basi la Usagara, mwingine alikuwa mbele yangu, na wote wawili walikuwa wamelikataa jambo lile lile. Niligundua kwamba igizo langu lilikuwa na kosa la ngonjera ya masizi. Tulipomwogopa tulimfanya mchawi, na sasa tulipotaka amani nilimfanya mtoto mzuri. Katika yote hayo hakuna aliyemruhusu abebe chungu chake aende zake.

Jumatatu niliwaambia wasichana tunaondoa magoti na machozi. Walisikitika, hasa yule aliyekuwa akilia, ambaye alishafikia kiwango cha kujivunia. Mwisho mpya ulikuwa mfupi. Wanawake wa upande wetu wanaimba wimbo wao wote, na matusi yake, na kuku wake, na chumvi yake. Mbeba chungu anapita mbele yao kutoka pembe hii ya jukwaa hadi ile. Hajibu. Hatazami chini. Wimbo unakwisha kabla hajafika, na hatua zilizobaki anazimaliza katika ukimya, wao wakimwangalia. Hakuna ngoma.

Siku ya mashindano kaka alipata ruhusa kazini, wifi akafunga biashara, nami nikamwomba mama aje. Alikuja na hotpoti yake mapajani. Alikaa safu ya mbele, wifi safu ya nyuma yake, kaka akiwa pembeni hajui akae na nani.

Wasichana walipoanza wimbo, niliona midomo ya mama inacheza. Ubeti wa kwanza aliutamka wote, bila sauti, pamoja na mdomo uliopasuka upande mmoja. Kisha msichana wa Nansio akatokea na chungu. Alikuwa amevaa gomesi ya wifi mwenyewe, vazi la wanawake wa ng'ambo lenye mabega yaliyosimama, na shingo yake ilionyesha kwamba chungu kina uzito. Alipita. Waliokuwa wakinong'ona nyuma wakanyamaza. Wimbo ulipokwisha, bado alikuwa na nusu ya jukwaa, na tulisikia nyayo zake kwenye mbao, moja moja. Mama alimfuatisha kwa kichwa mpaka alipotoka.

Hatukushinda. Mwamuzi mmoja, bwana mpole mwenye tai, alisema uimbaji ni mzuri na utembeaji ni wa kupigiwa mfano, ila ujumbe wa ujirani mwema haukujitokeza. Wasichana walinitazama kama mtu aliyeuza mbuzi wao. Walioshinda walikuwa na bendera na kukumbatiana, na kwa kweli walikumbatiana vizuri.

Tulitoka nje, kwenye mawe makubwa yaliyo nyuma ya ukumbi, mahali ambapo ziwa linaonekana kidogo kati ya mapaa. Wifi alikuwa ametangulia. Alikuwa ameketi na chungu mbele yake, akitoa sahani kwenye kikapu. Msichana wa Nansio alikuwa akijisugua shingo. Ndipo nilipojua kwamba siku hiyo wifi hakutia maji. Aliamka kabla ya jua, akapika ndizi na maharage kwa ajili ya wasichana, na chakula chao cha mchana ndicho kilichokuwa kikipita jukwaani muda wote ule. Alipofunua jani la mgomba, mvuke ulikuwa bado unatoka.

Aliwapakulia. Hasira ya kushindwa iliwatoka upesi, njaa ya wasichana husaidia. Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, hotpoti mapajani, haijafunguliwa. Alitazama chungu kwa muda.

"Humo ndani," akasema, "yule naye alibeba nini? Mlikuwa mkisema nini kwenu?"

Wifi alisimama na upawa mkononi. "Chakula, mama. Redio ilisema chakula. Zaidi ya hapo hatukuambiwa."

Mama aliitikia kwa kichwa. Kisha akanyosha mkono kama anavyounyosha kwangu jikoni, kiganja juu. Wifi alipakua, akapiga magoti, akampa sahani kwa mikono miwili. Kaka aligeuka akaangalia ziwa. Mama akala ndizi, akala maharage, akatafuna kwa kufikiri.

"Umezoea kupikia watu wa mabasi," alisema. "Chumvi imezidi."

"Nitapunguza, mama."

"Punguza. Na ukija Desemba uje nacho hicho chungu. Nimeambiwa wamejenga, lakini jiko la kule halina chungu."

Wifi alisema ndiyo. Hakulia. Alikuwa mtu wa aina hiyo. Ila aliendelea kupiga magoti pale kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, mpaka mama alipomwambia ainuke, wasichana wanataka nyongeza.

Igizo lile halikuchezwa tena. Watoto wa baadaye hawamjui mbeba chungu, na sijui kama siku moja atatokea mtu wa kumhitaji kwa jambo lingine na kumtilia chake kichwani. Nadhani atatokea. Nimeandika haya ili atakayefanya hivyo akumbuke walau shingo yake.

Desemba mvua ilinyesha. Tulipanda basi Usagara, sisi wote na watoto, tukavuka kwa kivuko, tukashika barabara ya Kagera. Wifi alikataa chungu kipakiwe juu pamoja na mizigo. Alikipakata njia nzima, amekizungushia mikono kama mtoto mgonjwa. Mama alikaa kando yake, akitafuna kahawa. Hotpoti yake niliikuta baadaye Nyakato, juu ya kabati, ambako aliisahau, au alisema ameisahau.